Mchezo wa GoldenEye: Wema Wake na Upungufu Wake

Wapo wazazi wetu wasemao kwamba michezo ya kijasusi ya kwenye televisheni yawafunza watoto kuua na kuchungulia mambo ya watu, na kwamba yafaa ipigwe marufuku hata majumbani. Wapo na wenzetu wanafunzi wajibuo kuwa mchezo ni mchezo tu, haumgeuzi mtu. Nimeyasikia maneno haya mara nyingi muhula huu, wala sikumsikia hata mmoja katika pande hizo mbili akiutaja mchezo wowote kwa jina lake. Basi nimependa niutaje mmoja, ulio mashuhuri sana katika michezo ya kijasusi iliyotolewa katika sinema, niseme nilivyouona.

Mchezo huo ni GoldenEye 007. Sinema yake ilitoka mwaka 1995, Pierce Brosnan akiwa James Bond, na mchezo ukafuata Agosti 1997 kwa mashine ya Nintendo 64. Waliouunda ni kampuni ya Rare ya Uingereza, chini ya uongozi wa Martin Hollis, nao walikuwa kikundi cha watu kama kumi tu, wengi wao hawajapata kuunda mchezo kabla ya huo. Zikauzwa nakala zaidi ya milioni nane. Wakati huo umeme wetu wa Pemba ulikuwa wa majenereta ya dizeli, maana waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukufika mpaka mwaka 2010, na nadhani waliouona mchezo huo huku ni wachache sana. Lakini Januari 2023 ulitolewa tena kwa mashine za Nintendo Switch na Xbox, na jamaa wajao likizo kutoka Maskati wakaja nao. Ndivyo nilivyoupata mimi.

Wema wake mkubwa ni kwamba wamtaka mchezaji awe mtulivu. Kazi ya kwanza ni katika bwawa kubwa la maji lililojaa askari. Ukipenda waweza kuingia ukimimina risasi, lakini mlio wa bunduki huwaita askari waliokuwa mbali, na kengele ya hatari ikipigwa watakujia makundi kwa makundi. Ipo bastola yenye kizuia sauti. Katika kazi nyingine zipo na kamera kutani ambazo zikikuona kabla hujaziona wewe, imekula kwako. Mtu mwenye pupa hafiki mbali, nami nimewaona mabingwa wetu wa michezo ya mpira wakifa hapo mara saba kwa jioni moja.

Tena mchezo una ngazi tatu, na hapa ndipo ninapowasifu sana watungaji wake. Katika ngazi ya chini, kazi yako bwawani ni kufika mwisho wake na kujirusha kwa kamba, kama Bond alivyojirusha katika sinema. (Bwawa lililotumiwa kwa picha hiyo liko Uswisi, katika bonde la Verzasca, na kimo chake ni mita 220.) Katika ngazi ya kati huna ruhusa ya kujirusha mpaka uziharibu kengele zote. Katika ngazi ya juu huongezwa kutega chombo cha siri na kunasa habari za kompyuta za adui. Bwawa ni lile lile na milango ni ile ile, lakini wewe sasa wapita vyumba ulivyokuwa ukivikimbia. Michezo mingi hukufanya uone ugumu kwa kukuongezea maadui tu. Huu, pamoja na kuwafanya maadui wawe wakali zaidi, hukuongezea na mambo ya kufikiri, kama hesabu za Kidato cha Nne zitumiavyo namba zile zile za Kidato cha Kwanza.

Jambo jingine litawafurahisha walimu wa Kiingereza. Kaseti ya mashine ile ya kale haikuwa na nafasi ya kutia sauti za watu, kwa hiyo yote yasemwayo huandikwa. Kabla ya kila kazi huja waraka: M aeleza sababu ya safari, Q aeleza vyombo, na Moneypenny huongeza neno lake la mzaha. Asiyesoma hajui akatafute nini. Mdogo wangu, ambaye darasani husinzia kikitajwa Kiingereza, nilimkuta na kamusi magotini.

Ama picha zake zimezeeka, na katika mashine ya asili mambo yakilipuka mengi kwa pamoja mwendo hulegea kama gari la ng'ombe. Hayo siyahesabu kuwa ubaya, ni umri. Ubaya hasa uko kwingine.

Katika sinema mwenye kujua siri ya ile silaha ya angani ni mwanamke aitwaye Natalya, fundi wa kompyuta katika kituo cha Severnaya, aliyenusurika wenzake walipouawa. Bond mwenyewe hakanyagi Severnaya. Habari za yaliyotokea ndani ya kituo azipata kwa huyo Natalya. Watungaji wa mchezo wakampeleka Bond Severnaya mara mbili, apige risasi na huko, na Natalya wakamfanya mzigo. Hukufuata nyuma, hupita mbele ya mtutu wa bunduki yako, na akifa kazi imeharibika. Katika chumba cha mitambo yeye ndiye afanyaye kazi ya akili, nawe ni bawabu wake. Lakini sifa zote ni zako. Naona wamemdhulumu, na wamedhulumu hadithi pia.

Na mwisho wa kila kazi hutolewa ripoti. Nani asiyependa ripoti nzuri? Lakini itazame: imehesabu risasi ulizopiga, ngapi zilipata, ngapi za kichwa, ngapi za mwili, na watu wangapi umewaua. Hapana mstari hata mmoja uhesabuo ni askari wangapi ulipita karibu nao wasikuone. Mchezo uliokufunza saa nzima kunyata hukulipa kwa hesabu ya bunduki. Katika hili wazazi wana haki. Hata hivyo waingiapo katika kiwanda cha sumu watawaona wataalamu wasio na silaha wakiinua mikono, na ukiwaua hao umeshindwa. Marekani mchezo huu ulipewa alama ya wenye umri wa miaka 13 na zaidi, nami sioni sababu ya sisi wa sekondari kukatazwa. Mdogo wangu nimemwachia nyaraka, bunduki nashika mimi.

Wakicheza watu wanne, kioo hugawanywa vipande vinne, na kila mtu hutupia jicho kipande cha mwenziwe ajue yuko wapi. Huo ndio ujasusi pekee uliobaki hapo, maana kazi yenyewe ni kupigana risasi na kugombania nani amchukue Oddjob, ambaye kwa ufupi wake risasi humpita juu.

Lakini upungufu ulionikaa moyoni zaidi ni kwamba adui wa mchezo huu hana nyumba wala jirani. Wazee wetu wa visiwani wakilisikia neno mpelelezi huteremsha sauti; kwao ni mtu anayeketi nawe barazani. Na kazi yake zaidi ni masikio. Januari 1965 serikali yetu iliwafukuza maofisa wawili wa Kimarekani, Frank Carlucci aliyekuwa konseli wao Zanzibar, na Robert Gordon wa ubalozini Dar es Salaam, kwa shutuma za njama. Walikuwa wamezungumza kwa simu, na simu ikasikilizwa. Marekani ilikanusha, ikieleza kwamba maneno yao ya silaha yalikuwa ya mafumbo, na walichokusudia ni hoja za kuishawishi Washington. Carlucci baadaye alikuwa Naibu Mkurugenzi wa CIA, na kuanzia 1987 hadi 1989 Waziri wa Ulinzi, kwa hiyo kila msomaji ataamini apendavyo.

Mchezo wa kisa hicho ungekuwa na simu mbili, msikilizaji mmoja mwenye Kiingereza cha kadiri, na neno moja la kufasiri kabla hakujakucha. Sidhani kama zingeuzwa nakala milioni nane, lakini mimi ningeununua.