Mvamizi Hana Udugu: Fundisho la Vita vya Kagera

Ndugu zetu Waislamu, sisi tunaoishi Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, tuko mbali sana na Mto Kagera. Hata hivyo, vita vilivyoanzia huko mwaka 1978 viliigusa nchi nzima. Vijana waliitwa kutoka kila mkoa, mabasi na malori yalichukuliwa kupeleka askari, na bidhaa ziliadimika kwa miaka iliyofuata. Tunalirejea jambo hili kwa sababu hadi leo husikika katika baraza zetu kauli kwamba vita vile vilikuwa vya Wakristo kumwondoa mtawala Mwislamu. Kauli hiyo ni nzito, nayo yapasa ipimwe kwa mizani ya Qur'an Tukufu, si kwa mizani ya ushabiki.

Kwanza tuyatazame matukio. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka kwa ghafla, wakati upande wetu ulikuwa na askari wachache tu. Yaliiteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kuwa ardhi hiyo imekuwa sehemu ya Uganda, na punde daraja la Kyaka likabomolewa. Raia waliuawa, mifugo ikaswagwa kuvushwa mpaka, na maelfu ya watu wakayakimbia makazi yao. Wakati huo huo watangazaji wa Amin walidai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia kwanza.

Katika Surat Al-Hujurat Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuichunguze habari inayoletwa na mtu mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta (49:6). Aya tatu mbele anatufundisha la kufanya makundi mawili ya waumini yakipigana: tuyapatanishe, moja likilidhulumu jingine, lipigwe lile linalodhulumu mpaka lirejee katika amri ya Mungu, nalo likirejea, wapatanishwe kwa uadilifu (49:9).

Na tuzingatie: ikiwa hata Mwislamu anayemdhulumu Mwislamu mwenzake hupingwa mpaka aache, ni vipi jina la Kiislamu liwe ngao kwa anayevamia nchi ya jirani yenye Waislamu na wasio Waislamu? Ni kweli Amin aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974. Lakini miongoni mwa Waasia aliowafukuza mwaka 1972 walikuwamo maelfu ya Waislamu, na miongoni mwa waliokimbia Kagera walikuwamo Waislamu pia. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba ndugu aliye dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa asidhulumu. Libya ilimpelekea Amin askari wa kumsaidia, na mamia yao wakafa katika ardhi ya Uganda. Laiti wangemsaidia kwa kuushika mkono wake!

Haki yatutaka tuseme pia yaliyo upande wetu. Milton Obote, aliyepinduliwa na Amin Januari 1971, alipewa hifadhi hapa nchini, na Septemba 1972 wafuasi wake walivuka kutoka Tanzania kuishambulia Uganda. Mwezi uliofuata nchi hizi mbili zilifanya mapatano mjini Mogadishu. Makosa ya 1972 hayakuhalalisha uvamizi wa 1978, kwani kulipiza kisasi kwa raia wasio na hatia si uadilifu.

Hapo ndipo penye sehemu ya aya inayosahauliwa na wengi. Majeshi ya Tanzania yaliirudisha ardhi yetu, yakaingia Uganda, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Mvamizi alikwisha shindwa. Je, uadilifu ulifuata? Mji wa Masaka ulikuwa umeachwa magofu. Na katika mwaka huo huo, huko Ankole, Waislamu wasiokuwa na hatia waliuawa kwa sababu tu Amin alikuwa Mwislamu. Waliowaua walifanya kosa lile lile la wale wanaomtetea Amin barazani: wote wawili waliyafanya madhambi ya mtu mmoja kuwa mali ya umma mzima. Anayesema leo kwamba Amin alipigwa kwa ajili ya Uislamu wake, bila kujua, anawapa wauaji wale hoja.

Nasi wa Ivuna tuna sababu ya kulishika fundisho hili. Wilaya yetu ya Momba inapakana na Zambia, na watu wetu wana jamaa pande zote mbili. Ujirani huo ni amana. Basi uvumi ukija, tuuchunguze kabla ya kuutangaza. Dhalimu akiwa wetu, tuwe wa kwanza kumzuia. Na ugomvi ukiisha, asiadhibiwe mtu kwa jina lake wala kwa dini yake.

Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelazwa askari waliokufa katika vita vile. Hawakuiona amani waliyoipigania. Sisi tulio hai ndio tulioachiwa nusu ya pili ya aya ile. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitekeleza. Amin.