Mlio wa Gari Lisilo na Injini

Mwezi uliopita, jioni ya Jumapili, tulipokuwa tumekwisha kuwafungulia watoto wa chuo, alitujia mzazi mmoja na gari lake. Ni gari dogo la umeme, lililotembea Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini hapa Mombasa. Lilipopanda tuta lililo mbele ya chuo likatoa mlio mwembamba wa kukwaruza, mfano wa kitanda cha chuma cha zamani, na watoto wakaangua kicheko. Mwenyewe hakucheka.

"Maalim," akatwambia, "nimepata mnunuzi, naye yuaja Jumamosi. Nitalipulizia mafuta huko chini linyamaze, kisha nimpe ufunguo wake."

Tulimwomba asipulizie kitu mpaka ajue ni kipi kinacholia. Sisi si mafundi. Lakini tumeishi miaka mingi na gari kuukuu la petroli, na uhaba wa fedha ulitufunza kulala chini yake. Na kwa upande wa miguu ya mbele, gari la umeme na la petroli ni ndugu wa tumbo moja.

Iko tofauti moja, nayo ndiyo iwatishayo wengi. Gari la petroli lina injini ingurumayo, na mngurumo huo hufunika milio mingi midogo. La umeme halina wa kulifunikia. Kila mpira mkavu husikika hata kwa aliyekaa kiti cha nyuma. Tena gari hili ni zito kuliko umbo lake. Katika Nissan Leaf, ambayo ni miongoni mwa magari ya umeme yajulikanayo sana, betri peke yake ina uzito wa karibu kilo 300, nayo imelazwa chini ya sakafu. Uzito huo wote hupanda na kushuka kila livukapo tuta, na matuta kwetu hayana idadi.

Kabla ya kushika spana, yapasa kusikiliza. Uko mvumo ambao si ubovu: magari haya hutoka kiwandani na kipaza sauti kidogo huko mbele, kivumacho gari liendapo polepole ili apitaye kwa miguu, khasa asiyeona, asigongwe. Katika Leaf mvumo huo hukoma mwendo ufikapo kama kilomita 30 kwa saa. Uko na mlio wa breki, usikikao pale tu mguu ukanyagapo. Nao ni wa kawaida katika magari haya, kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme betrini, hata sahani za breki zikakaa bila ya kusuguliwa na kushika kutu, upesi zaidi kwetu sisi tulio karibu na bahari. Hayo mawili tuyaweke kando. Tuutafutao ni mlio wa tuta, au wa kupinda kona polepole, au wa mtu aingiapo na kuketi.

Gari likiwa limezimwa, mtu mmoja na aikandamize pembe ya mbele kwa mikono miwili na kuiachia, mara tano au sita. Mwingine apige magoti kando ya gurudumu asikilize. Kipande cha mpira wa kumwagilia maji, urefu wa mkono, ncha moja sikioni na ya pili karibu na kila kiungo, huonyesha mlio utokapo kuliko sikio tupu. Kisha gari liwashwe, breki ya kuegeshea ikiwa imefungwa wala asiwepo mtu mbele yake, na usukani uzungushwe huku na huku. Ikiwa mlio watoka juu, karibu na kioo cha mbele, na springi yaruka kwa kishindo, basi ubovu aghalabu u katika beringi iliyo kichwani mwa shokomzoba.

Usipokuwa juu, u chini. Katika Leaf, na katika magari madogo mengi, kila gurudumu la mbele lina shokomzoba iliyozungukwa na springi, na chini yake mkono mmoja wa chuma uliofungwa kwenye fremu kwa mipira iitwayo bushi. Ncha ya mkono huo upande wa gurudumu ina bolijointi, yaani kirungu cha chuma kizungukacho ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake umevishwa mpira usioruhusu vumbi wala maji kuingia. Tena kiko chuma kirefu kitokacho upande mmoja wa gari mpaka wa pili, cha kulizuia lisilalie ubavu konani. Mafundi hukiita stabilaiza, nacho kimeshikwa kwa bushi zake mbili. Tesla Model 3 ina mkono mwingine wa juu wenye bolijointi yake, na wenye magari hayo waijua vyema, kwani maji yakiipenya hulia kama mlango wa zizi.

Sasa chukua chupa ya maji yaliyotiwa sabuni kidogo, unyunyizie bushi moja tu, kisha gari likandamizwe tena. Mlio ukikatika, umempata mwenye kulia. Usipokatika, nenda kwa nyingine. Usinyunyizie zote kwa mara moja, kwani utapata ukimya bila ya khabari. Maji yakikauka mlio utarudi, na huo ni uchunguzi, wala si dawa.

Mzazi wetu alinyunyizia bushi za stabilaiza, na mlio wa upande wa kulia ukatoweka. Wa kushoto haukutoweka. Hapo ilibidi gurudumu liinuliwe.

Katika jambo hili twawaomba vijana wetu watusikilize sana. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Wako watu waliokufa chini ya magari yaliyoteleza jekini, na kazi waliyoingilia ilikuwa ya dakika tano. Pahala pawe sawa na pagumu, si mchangani. Waya wa kuchajia uwe umeng'olewa. Magurudumu ya nyuma yawekewe kabari mbele na nyuma, na breki ya kuegeshea ifungwe. Wengi hudhani kuwa P yatosha. Lakini katika Leaf mota huendesha magurudumu ya mbele, na P hufunga hayo hayo ya mbele, basi yakishainuliwa P haizuii kitu. Jeki iwekwe penye alama zilizo ubavuni, kama kitabu cha gari kionyeshavyo, wala isiguse betri hata kidogo. Kisha ziwekwe stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, si matofali wala magogo. Waya nene za rangi ya chungwa huchukua umeme wa volti zaidi ya 300, nazo haziguswi na mtu wa nyumbani kwa sababu yoyote. Na watoto wawe mbali. Siku ile tuliwafukuza mara tatu.

Gurudumu la kushoto lilipokwisha kuinuliwa tulilishika juu na chini, tukalisukuma na kulivuta. Likacheza mkononi. Mwanawe aliyekuwa akimulika tochi kutoka kando akasema, "Baba, hiki kikombe ndicho kinachotikisika." Mpira wa bolijointi ulikuwa umepasuka, na ndani yake, pahala pa grisi, mna mchanga na kutu.

Bolijointi ikichomoka, gurudumu hulala kando na usukani haumtii dereva tena. Mafuta ya kupuliza yangaliinyamazisha siku chache, labda wiki, na yangalimaliza hata ile grisi kidogo iliyosalia. Mzazi wetu alikaa kimya kitambo. Kisha akatwambia kwamba mnunuzi wake ana watoto wanne, na gari alilitakia kuwapelekea skuli.

Kazi ya kuibadilisha tulimwachia fundi, nasi twashauri hivyo, kwa kuwa magari mengine hutaka mkono wote ubadilishwe. Lakini mwenye gari na asimame hapo aangalie jambo moja. Bushi za mkono zimeshikamana na chuma, nazo hufanya kazi kwa kujinyonga. Fundi akizikaza bolti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, bushi hujinyonga tangu siku ya kwanza na kupasuka mapema. Bolti hizo hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote. Baadaye lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.

Ama bushi za stabilaiza, hizo mtu aweza kuzishughulikia mwenyewe. Kishikizo hufunguliwa, mpira ukafutwa mchanga, ukapakwa grisi ya silikoni, kisha vikarudishwa. Isiwe grisi ya kawaida wala mafuta ya injini, kwani hayo huuvimbisha mpira na kuulainisha mpaka ukaoza. Na ikiwa mpira umekwisha kupasuka, grisi haifai kitu. Zinunuliwe mbili mpya, za pande zote.

Za mzazi wetu zilikuwa zimepasuka. Alizipaka, zikanyamaza siku mbili, zikarudia mlio wake. Na mpya hazikupatikana dukani wiki ile. Jumamosi mnunuzi alipofika alionyeshwa ile bolijointi kuukuu, imefungwa katika gazeti, na risiti ya mpya, na akaambiwa kuwa upande wa kulia utaendelea kulia mpaka bushi zipatikane. Walikubaliana bei ipunguzwe kwa kadiri ya bushi hizo na ujira wa fundi. Alipoondoka gari likalia kwenye tuta letu, naye akatoa mkono dirishani akatupungia.