Mwanasayansi Aendapo Kusoma Biashara

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, ubishi wa namna moja huzuka katika nyumba nyingi. Kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati, au Fizikia, Kemia na Biolojia, anawaambia wazazi wake kwamba ataomba kusoma shahada ya biashara. Baba ananyamaza. Mjomba anauliza kama mtoto ameshindwa udaktari. Majirani nao wanatoa pole, utadhani nyumba ile imepatwa na msiba.

Sisi tunasema masikitiko hayo hayana msingi. Nchi yenye viwanda, maghala ya pamba na bohari za dawa inahitaji watu wanaovielewa vitu vilivyomo ndani yake, na wanaojua pia kuvihesabu. Lakini tunasema vile vile, na hapa ndipo penye uzito, kwamba kijana huyo asidhani hisabati za darasani zitambeba mpaka mwisho. Wapo wanaoingia mwaka wa kwanza kwa majivuno, wakiamini kwamba aliyeyamudu masomo ya umeme na mwendo hawezi kusumbuliwa na leja. Muhula haujafika katikati, wenzao waliosoma Uwekaji Hesabu sekondari wanafunga mizania, na wao bado wanauliza kwa nini fedha ile ile mteja aiandike kushoto katika vitabu vyake, na benki iiandike kulia katika vitabu vya benki.

Ukweli ni kwamba uhasibu na hisabati ni ndugu. Maelezo ya kwanza kuchapishwa kwa ukamilifu juu ya kuandika kila shughuli pande mbili yalitoka Venice mwaka 1494, ndani ya kitabu cha hisabati, na mwandishi wake, Luca Pacioli, alikuwa mtawa na mwalimu wa hisabati. Msingi wake ni mlinganyo mmoja: mali ni sawa na madeni ukijumlisha mtaji. Aliyezoea kusawazisha milinganyo ya kemia hapaswi kutishika.

Anapojikwaa ni pengine kabisa. Tuchukue duka la pembejeo. Mwenye duka amepokea mbolea ya shilingi 2,200,000 kwa mkopo, akaiuza yote kwa shilingi 3,000,000. Wakulima wamelipa 1,000,000 taslimu. Zilizobaki watalipa baada ya mavuno. Vitabu vinasema amepata faida ya shilingi 800,000 kabla ya kutoa gharama nyingine. Lakini sandukuni mna 1,000,000 tu, na mwenye mbolea anataka 2,200,000 zake mwisho wa mwezi huu. Huyu ana faida, naye anaweza kufungiwa duka. Mwanafunzi wa sayansi, aliyefunzwa kupima kilichopo mbele yake, huona hapo pana udanganyifu. Hapana udanganyifu wowote. Mauzo huhesabiwa yanapofanyika, na fedha hufuatiliwa katika hesabu yake nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa uchakavu. Mashine ya shilingi 6,000,000 inayotazamiwa kutumika miaka 5, kisha kuuzwa kwa 1,000,000, hukatwa shilingi 1,000,000 kila mwaka, ingawa mwaka huo hakuna hata senti iliyotoka mfukoni kwa ajili hiyo. Ile miaka 5 hakuipima mtu kwa chombo. Ni makadirio, na mhasibu lazima aweze kuyatetea kwa maneno.

Kwa maneno, tunasisitiza. Kijana aliyekaa miaka miwili akiandika fomula na majibu mafupi atatakiwa kuandika taarifa ya kurasa kadhaa inayomshauri meneja kununua au kutonunua. Wengi huanguka hapo kuliko kwenye hesabu.

Taifa hili limewahi kuionja shida ya kukosa watu wa kazi hiyo. Baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967, na mashirika ya umma kuongezeka, haja ya wahasibu na mameneja wazalendo ilikuwa kubwa. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwapo tangu 1965. Mwaka 1972 vikafuata Chuo cha Usimamizi wa Fedha na kile cha Mzumbe ambacho sasa ni chuo kikuu. Mwaka huo huo sheria ya bodi ya wahasibu ilipitishwa. Na Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliamua kwamba mtu aende kwanza kazini ndipo aingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini ulikuwa na faida moja ambayo kijana wa leo hana: aliyeingia darasani alikuwa amekwisha kuona hati ya malipo, stoo na mshahara uliochelewa.

Basi kijana na aitafute faida hiyo mwenyewe. Mtihani humalizika Mei, na vyuo hufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Hata anayekwenda JKT hubakiwa na wiki za kutosha. Aazime kitabu cha Uwekaji Hesabu cha kidato cha kwanza na cha pili, bila kuona haya, na afanye mazoezi yake yote kwa kalamu. Amwombe mwenye duka au katibu wa chama cha msingi cha ushirika amruhusu kuhesabu mali iliyopo na kuilinganisha na daftari. Mabenki huchapisha hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Azikate, azisome, aulize. Takwimu alizosoma asizitupe, maana zitamfaa katika masoko, na hesabu za mabadiliko atazikuta tena kwenye gharama za uzalishaji.

Vyuo navyo visikae pembeni. Chuo kinapomdahili kijana wa sayansi kinajua tangu siku hiyo kwamba hakusoma Uwekaji Hesabu. Cheti chake kinasema. Kumweka ukumbi mmoja na waliousoma miaka minne au sita, kisha kumpa mtihani ule ule baada ya wiki chache, ni uzembe. Wiki tatu za masomo ya awali kabla ya muhula, zikifundishwa na wahadhiri vijana katika madarasa ambayo wakati huo ni matupu, zingegharimu kiasi gani? Wakuu wa vyuo waueleze umma hesabu hiyo kabla udahili ujao haujafunguliwa.