Noah ya familia na mzigo wa Nyanungu

KATIKA kata ya Nyanungu, wilayani Tarime mkoani Mara, Toyota Noah ni gari lenye kazi nyingi kuliko zile lilizotengenezewa. Siku ya mnada hujaza abiria na mizigo yao, jioni hurudi na magunia ya mahindi, na usiku wa manane mwenye gari hugongewa mlango kwa sababu kuna mjamzito anayetakiwa kufikishwa hospitali ya Nyamwaga au Tarime mjini. Jumapili hupeleka familia kanisani. Jumatatu liko kwa fundi.

Hapo ndipo huanza malalamiko kwamba Noah haidumu. Bushi zimekwisha, shokapu zinavuja, injini inachemsha, gia boksi inavuta kwa shida mlimani. Wapo wamiliki ambao hufikia uamuzi wa kuuza kwa bei ya kutupa na kutafuta gari la aina nyingine, ambalo nalo baada ya mwaka mmoja huwa na ugonjwa uleule. Hukumu hiyo dhidi ya gari si ya haki, na inawagharimu watu fedha nyingi.

Ni vyema kuanza na namba moja ambayo wauzaji wa magari hawaitaji. Wajapani wanapokadiria uzito wa juu kabisa wa gari la abiria likiwa limejaa, huhesabu kilo 55 kwa kila kiti. Noah ya viti vinane, dereva akiwamo, imepangiwa kubeba kilo 440. Hizo ni kilo za watu wote, mabegi na kuku pamoja. Magunia manne ya kilo 100 na dereva mwembamba tayari yameivusha mpaka, na hapo lumbesa haijatajwa.

Katika barabara za vumbi za Tarime, Noah iliyopakia watu 14 ni jambo la kawaida. Kwa wastani wa kilo 60 kwa kila mtu ni kilo 840, karibu mara mbili ya kipimo, kabla ya kufungua mlango wa nyuma na kuona kilichowekwa huko. Mzigo huo ukipita kwenye makorongo ya barabara baada ya mvua za masika, kila shimo hupiga springi na bushi kwa nguvu ambayo mhandisi wa Japani hakuikusudia. Baadhi ya wamiliki huweka vipande vya chuma au mpira juu ya springi ili gari linyanyuke. Linanyanyuka kweli, lakini uwezo wake wa kubeba hauongezeki hata kwa kilo moja, na abiria wa nyuma hurushwa zaidi.

Hata hivyo, Noah zote si sawa, na anayetaka kununua angefaa kujua tofauti. Zile za kwanza, zilizotoka mwaka 1996, zina injini chini ya viti vya mbele na huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma au yote manne. Ndizo ambazo wazee wa gari hizi bado wanazisifia. Mlimani kwenye utelezi, uzito wa abiria wa nyuma hukandamiza magurudumu yanayosukuma, hivyo gari hupanda. Kasoro yake ni joto. Dereva na aliyeketi pembeni yake wanakalia injini, na maji ya kupoza husafiri kwa mabomba marefu kutoka rejeta iliyoko mbele. Fundi akibadilisha maji bila kutoa hewa yote kwenye mabomba hayo, gari litachemsha kesho yake hata kama rejeta ni mpya. Injini nyingi zimeuawa kwa sababu hiyo, kisha lawama zikapelekwa kiwandani.

Toleo lililofuata mwaka 2001 lilihamishia injini mbele. Sakafu ikawa tambarare, milango ya kusukuma ikawa pande mbili, kelele zikapungua na familia ikapata nafasi ya kupumua. Kwa safari ya Tarime hadi Mwanza kwenye lami, hakuna ubishi kwamba ni gari la raha. Lakini zile zisizo na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne huvutwa na magurudumu ya mbele. Zikijazwa magunia nyuma, pua hunyanyuka, matairi ya mbele hukosa mshiko, na kilima chenye matope huwa mwisho wa safari. Aidha, injini yake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na pampu yake haivumilii mafuta machafu. Kwa mkulima anayenunua petroli ya kwenye madumu kando ya barabara, hilo si suala dogo. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, lakini kinasaba hakizuii vumbi kuingia kwenye dumu.

Kuhusu starehe, safu ya tatu ya viti ndiyo yenye ukweli. Iko karibu na ekseli ya nyuma, hupokea kila mtikisiko, na mpira wa mlango wa nyuma ukichoka huvuta vumbi lote la barabarani. Anayetaka kujua hali ya Noah iliyotumika asiketi kwa dereva akasikiliza redio. Akae nyuma kabisa, gari liendeshwe kilomita kumi za vumbi, kisha ajiulize kama mama yake mgonjwa angeweza kufika hospitali akiwa amekaa pale.

Jambo moja linaitetea Noah kuliko yote, nalo ni spea. Mafundi wengi wanaifahamu na vipuri vyake si vya kusaka. Gari la kifahari zaidi la aina isiyozoeleka, linalosubiri kifaa wiki tatu likiwa juu ya mawe, ni ghali kuliko Noah inayoharibika na kutengenezwa siku hiyohiyo.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye daftari. Katika jamii ya Wakurya ng'ombe ni benki, ni mahari na ni jembe. Familia inapouza ng'ombe ili inunue gari inahamisha mtaji kutoka kwenye mali inayozaa kwenda kwenye mali inayochakaa. Si lazima uamuzi huo uwe mbaya. Ng'ombe hufa kwa ukame na magonjwa, na mpakani humu wizi wa mifugo una historia ndefu. Gari, kwa upande wake, huleta fedha taslimu kila jioni. Ila fedha hiyo ya jioni ndiyo inayodanganya.

Chukulia mfano wa hesabu tu. Noah imenunuliwa kwa Sh milioni 15 na mwenye nayo anategemea kuiuza kwa Sh milioni sita baada ya miaka mitano. Imepoteza Sh milioni tisa, yaani Sh 150,000 kila mwezi, itembee au isitembee. Dereva analeta hesabu ya Sh 30,000 kwa siku, siku 24 kwa mwezi, jumla Sh 720,000. Tukitoa Sh 75,000 za kuweka akiba ya matairi, Sh 100,000 za oili na vichujio, Sh 150,000 za bushi, shokapu na fundi, Sh 40,000 za bima na leseni, na zile Sh 150,000 za uchakavu, kinachobaki ni Sh 205,000. Mwenye gari ambaye hakutenga chochote anaamini amepata Sh 720,000 na anazitumia zote. Siku gia boksi inapokufa, anauza ng'ombe mwingine.

Kila mmiliki aweke namba zake mwenyewe katika mfano huo. Wapo watakaopata zaidi. Watakaopata chini ya hapo, hasa wale wa miezi ya mvua ambapo gari hulala siku nyingi, watagundua kwamba mapato yao yote yalikuwa ni kula gari polepole. Abiria wa 14 huongeza nauli moja leo na kufupisha maisha ya matairi na bushi zilizopaswa kudumu hadi mavuno yajayo. Nauli hiyo huonekana mkononi, gharama yake haionekani. Ndiyo maana dereva wa deiwaka, ambaye halipii bushi, hatakataa kumpakia.

Kuna hatari nyingine ambayo hujitokeza siku ya ajali. Noah nyingi za vijijini zina namba za njano za gari binafsi lakini zinatoza nauli. Kwa kawaida mkataba wa bima ya gari binafsi hauhusishi kubeba abiria kwa malipo. Gari likipinduka, familia ya mmiliki inaweza kujikuta ikidaiwa matibabu na fidia ya watu zaidi ya kumi, na kinachobaki cha kuuza ni shamba. Anayefanya biashara abadilishe usajili, achukue leseni ya LATRA, mamlaka ambayo mwaka 2019 ilirithi usimamizi wa usafiri wa nchi kavu kutoka SUMATRA, na akate bima ya abiria. Upande wa pili, LATRA na halmashauri nazo zikubali kwamba mahali ambapo basi haliendi, Noah ndiyo basi na ndiyo gari la wagonjwa. Kuikamata barabarani bila kuandaa usafiri mbadala ni kumwacha mjamzito kwenye pikipiki.

Magunia, kwa upande mwingine, hayana sababu ya kupanda Noah. Wakulima wa kijiji kimoja wanaovuna wakati mmoja wanaweza kukubaliana siku na kukodi Fuso kwa pamoja, kupitia chama chao cha msingi au bila chama. Fuso ya tani saba hubeba magunia 70 ya kilo 100 kwa safari moja. Noah inayoheshimu kipimo chake, ikiwa na dereva peke yake, itabeba matatu. Kuyafikisha sokoni yale 70 itahitaji kwenda na kurudi mara 24, kwa petroli ya mwenye gari.