Mkuu wa idara aachiwe muda wa kukaa darasani

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Maarifa na Maendeleo ya Binadamu (KHDA), Dubai

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa hisabati kutoka Tanga, mkuu wa idara katika sekondari moja hapa Al Barsha. Nilipoanza kazi kule nyumbani, mkuu wa idara alikuwa mtunza kabati: agawe vitabu na chaki, akague maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, basi. Mambo mazito yalikuwa ya mwalimu wa taaluma na mkuu wa shule.

Kwenu kazi hii imegeuka. Mwongozo wa ukaguzi wa 2015 una viwango sita, na cha sita, uongozi na usimamizi, hakiishii ofisini kwa mkuu wa shule. Mkaguzi akija hunifuata mimi: wanafunzi wameshuka katika aljebra, umefanya nini? Swali hilo nalipenda. Linanitambua kuwa mwalimu wa walimu.

Tatizo ni jinsi shule zinavyojiandaa kulijibu. Matokeo yaleyale nayaingiza kwenye mfumo wa shule, kwenye tathmini ya ndani, kisha kwenye taarifa ya wamiliki. Muhula uliopita mwalimu kijana wa idara yangu aliniomba mara tatu nikaone somo lake la sehemu. Mara tatu nilimwahirisha, nina majedwali. Nilipoingia hatimaye, dakika kumi zilitosha: alikuwa akiwapa watoto kanuni kabla hawajakata wala kugawa chochote kwa mikono yao. Tukapanga upya. Wiki iliyofuata walikuwa wakibishana wenyewe ubaoni. Lakini wiki sita zilikuwa zimekwisha kupotea, na hao watoto hawakunikosea lolote.

Mwaka wa masomo 2024/2025 mlisitisha ukaguzi kamili kwa shule nyingi. Naomba, kabla wakaguzi hawajarudi kwa ukamilifu wao, waongezewe swali moja: mkuu wa idara ametengewa vipindi vingapi kwa wiki vya kukaa na walimu wake darasani, na vingapi vilimezwa na majedwali au na kushikia madarasa ya walimu wasiokuwepo? Wasipokee sera iliyoandikwa vizuri. Waombe ratiba yenyewe, kisha wamuulize mwalimu mgeni kuliko wote ni lini mara ya mwisho alitembelewa.

Kijana wangu ana kipindi Jumatatu saa tatu asubuhi. Nitakuwa kwenye kiti cha nyuma.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa hisabati, Al Barsha