Watalii wa miguu hufuata nini vijijini?

Ng'ambo ya ziwa Kivu, upande wa Rwanda, kuna njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi. Wapo wageni wanaotoka Ulaya kuja kuitembea kwa siku nyingi, ingawa gari lingewafikisha kwa masaa machache. Wanafuata nini? Ziwa chini ya vilima, mashamba ya kahawa na migomba, wavuvi wa sambaza wakiondoka jioni kwa nyimbo. Anayepita kwa gari haachi hata faranga moja kijijini. Anayetembea hula na kulala humo.

Hayo yote yapo pia upande wetu: Idjwi, Kalehe, Minova. Ziwa ni lilelile. Kinachokosekana ni usalama. Mkulima anayeogopa kwenda shambani kwake hawezi kumkaribisha mgeni atembee humo.

Kwa hiyo viongozi wasianze na mabango wala hoteli. Waanze na njia ambayo mama wa Minova ataipita asubuhi na kurudi jioni salama, bila kizuizi wala bunduki. Wageni watafuata nyuma yake.