Ushauri wa Wanafunzi Uanzie Kwenye Benchi la Wagonjwa

Vyuo vikuu kadhaa duniani huendesha shindano la ushauri elekezi kwa makundi ya wanafunzi. Kwa msomaji ambaye hajapata kulishuhudia, utaratibu wake ni huu: wanafunzi wachache wa fani mbalimbali huunganishwa kuwa kundi moja, hukabidhiwa tatizo la taasisi fulani, hupewa siku au majuma machache ya kulichunguza, kisha husimama mbele ya jopo la majaji kutoa mapendekezo. Katika Chuo Kikuu cha Emory kilichoko Atlanta, Marekani, shindano la namna hiyo huhusu afya ya dunia, na mwanafunzi wa udaktari huweza kujikuta meza moja na wenzake wa biashara, sheria au uuguzi.

Mimi ni miongoni mwa wanaotaka mashindano haya yaenee katika vyuo vyetu vya tiba. Mwanafunzi wa udaktari hapa Tanzania husoma miaka mitano akifundishwa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja. Ni nadra kuulizwa kwa nini wagonjwa mia moja wamekaa nje ya mlango wake tangu alfajiri. Swali hilo halijibiwi na kitabu cha magonjwa. Hujibiwa na mtunza kumbukumbu, mhasibu, mfamasia na muuguzi wa zamu wakiketi pamoja, nalo shindano huwazoesha vijana kuketi hivyo kabla hawajaajiriwa.

Ugomvi wangu uko kwenye alama. Majaji wanapotunuku ufasaha wa kusema, uzuri wa picha ukutani na upya wa wazo, kundi hujifunza kuwatafutia majaji kitu cha kuwafurahisha. Ndiyo maana takriban kila tatizo la hospitali, likifikishwa mbele ya vijana, huzaa programu ya simu. Aliyeleta tatizo ni kiongozi wa hospitali, na huyo hualikwa ukumbini. Anayelibeba tatizo kila siku, yaani muuguzi na mgonjwa, hayumo.

Tuchukue foleni ya kliniki ya shinikizo la damu. Tuseme kadi za wagonjwa wote zimeandikwa saa moja asubuhi, ilhali daktari huanza kliniki saa tatu, baada ya kuwapitia waliolazwa wodini. Hapo saa mbili za kungoja zimekwisha kuandikwa kwenye kadi kabla mtu hajatoka nyumbani kwake. Mgonjwa ajuaye kwamba wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuonwa atadamka saa kumi alfajiri, na pengine ataahirisha kumeza dawa yake kwa kuwa hajatia kitu tumboni. Kisha atapimwa shinikizo akiwa na njaa na uchovu. Kundi linaloketi kwenye benchi hilo kwa siku mbili, likiandika saa ambayo kila mtu amefika mapokezi, malipo, kwa daktari, maabara na dirisha la dawa, litaiona kasoro hiyo kwa kalamu na karatasi. Tiba yake ni kuandika saa tofauti kwenye kadi, na makubaliano na daktari kuhusu ratiba yake. Makubaliano hayo ndiyo kazi ngumu, na hayana picha nzuri ya kuonyesha ukumbini.

Ushahidi kwamba mambo ya namna hii yana uzito tunao humu nchini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagua usalama wa upasuaji: karatasi moja yenye vipengele 19, husomwa kabla ya ganzi au usingizi, kabla ya kuchanja ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Vipengele vyenyewe ni vya kawaida mno: kuthibitisha jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa, kuhesabu vifaa, kila mmoja kutaja jina na kazi yake. Nathubutu kusema kwamba katika mashindano mengi wazo hilo lingeshika mkia.

Aidha, watumishi wetu si wageni wa maboresho. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia njia ya 5S iliyotoka Japani, na maneno yake matano, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, yamebandikwa katika kuta za vituo vingi. Kundi liingialo wodini bila kuuliza nini kilikwisha jaribiwa, na kwa nini kilififia, litarudia ushauri ambao muuguzi mkuu anaujua kwa moyo. Tena la tano, Shikilia, ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo ambalo shindano la majuma matatu haliligusi kabisa.

Kwa hiyo napendekeza theluthi moja ya alama itolewe na watumishi wa kitengo husika pamoja na wagonjwa wawili au watatu, na theluthi nyingine isitolewe hadi miezi sita ipite na majaji warudi kuangalia kilichobaki. Hospitali nayo itie saini kwamba itajibu kila pendekezo kwa maandishi, hata kama jibu ni kukataa. Na wanafunzi wafungwe na kiapo kilekile cha siri kinachomfunga daktari, maana faili la mgonjwa halikufunguliwa kwa ajili ya shindano.

Nawe mgonjwa, akikujia kijana mwenye daftari akiomba kujua umefika saa ngapi, una haki ya kukataa bila huduma yako kupungua. Ukikubali, mwulize jina lake, chuo chake, na siku atakayorudi kukueleza walichokigundua.